Watu wa Huku Wananong'ona

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Watu wa Kisii wamekuwa watu wa kunong'ona. Miaka sita nawafungia spika kwenye harusi na matanga yao, na sijui mwaka huu wamepatwa na nini – kila mtu anaongea kama ana uji mdomoni. Leo Mose, mwenzangu wa kazi, ameniuliza jambo mara tatu. Nikamwambia afungue mdomo. Akanitazama tu. Mtu ambaye kulala kwake ni "kurara", eti ananitazama mimi!

Sikio la kulia bado linalia nyiii. Nimevuta vepu yangu, sigara ya umeme ya ladha ya embe, nikatulia.

Jumatano, 6 Agosti

Mose tena. Anadai Jumamosi kule Nyamarambe nilipandisha trebo mpaka sauti ikawa inakata watu masikio. Trebo! Juzi tu alikuwa mbeba nyaya. Mimi nilisikia sauti butu, ndiyo maana nikapandisha zile sauti nyembamba za juu.

Amesema nikiharibu harusi ya binti wa Mama Persis pale Ikonge, yeye ndiye atakayekaa kwa miksa, mashine ya kupangia sauti. Kiti changu. Nimekikalia tangu Homa Bay, nikiwa na miaka kumi na tisa, na hakuna kazi nyingine ninayoijua. Hilo sikumwambia.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikio limeziba, kama lina maji. Nimevuta zaidi. Inasaidia. Haisaidii.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeenda kwa daktari wa masikio mjini. Si kwa sababu ya Mose.

Jina lake Bathsheba. Akauliza kama navuta. Nikasema sigara niliacha zamani, na ni kweli. Akaona vepu mfukoni mwa shati, mahubiri yakaanza. Eti nikotini inabana mishipa midogo inayopeleka damu ndani ya sikio. Eti ule mvuke unachokoza koo, na mrija unaotoka kooni kwenda sikioni unavimba. Nikamuuliza kama ana hakika. Akakiri utafiti haujakamilika. Hata hawajui, na wanatuhubiria!

Akasema: "Kukaa mbele ya spika pekee kunaumiza masikio. Sasa ukiongeza na hiyo kitu, ni kupiga mtu ameshaanguka."

Kisha kipimo. Kipimo gani – anasimama nyuma yangu, ananong'ona neno, narudia. Mambo ya chekechea. Mawili nikapata. La tatu likaja kama "kura", nikacheka rohoni. Mkisii namjua. Nikajibu, "Kula."

Akanong'ona tena. Nikajibu, "Kula," na nikamweleza kwa upole kwamba nyinyi L hamna, lakini mimi nimewazoea, nawasahihisha kimyakimya.

Akaja mbele yangu. "Bwana Ogweno, nimesema sura. Sura."

Ile S niliiona mdomoni mwake. Sikuisikia.

Nimepewa karatasi ya kwenda kupimwa kwa mashine, na amri ya kutupa vepu. Sura! Nani ananong'onea mgonjwa neno kama hilo?

Jumanne, 12 Agosti

Nimevuta. Karatasi nimeiweka ndani ya Biblia, huko hakuna atakayeisumbua.

Jumapili, 17 Agosti

Ikonge. Naandika nyuma ya miksa, daftari juu ya magoti. Mhubiri yuko kwenye ndoa ya Isaka na hatamaliza leo. Mose nimemtuma akakae na jenereta, mbali. Sauti nimeipanga mwenyewe na ni tamu. Mama Persis yuko mbele na kofia pana kama ungo. Nimevuta mara mbili tu, nyuma ya hema.

Bibi harusi amepewa maiki. Anasogea karibu na spika – nilishawakataza. Hawa watu hawasikii.

Shangazi mmoja ameziba masikio kwa mikono. Upuuzi. Sasa na jirani yake. Na watoto. Na mhubiri. Hema nzima, nyuso zimekunjamana, na wote wananitazama mimi.

Nimeshusha kila kitu mpaka sifuri. Mikono ikashuka.

Ulikuwa mluzi wa spika, ule unaozuka maiki ikiikaribia. Hakuna kingine kinachofanya watu hivyo. Mluzi huo nimeukata mara elfu. Zamani nilikuwa nausikia kabla haujaanza. Leo sikusikia kitu, na naogopa.

Mose amekuja. Amesimama juu yangu, mkono kwenye kiti. Hema imenyamaza, na bado huyu mtu ananong'ona. Neno moja tu. Nasikia "ogea". Niogee nini hapa? Anarudia, polepole. Safari hii natazama midomo, na S naiona.

Bado sijainuka.