Sukari ya Baba Iliyokataa Kushuka

Wodi ya Upasuaji ya Wanaume,
Jumapili, baada ya zamu.

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kambini, kifua kimekuachia, na vumbi la barabara mnayoijenga halikukoseshi usingizi. Wifi na watoto niliongea nao juzi, hawajambo, isipokuwa yule mdogo kang'oka jino na anaidai dunia nzima pole. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo siwezi kuusemea vizuri, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu huwa unanikatiza, na mimi nikikatizwa husema nusu ya jambo. Safari hii nataka ulisome lote hadi mwisho, ukiwa umekaa.

Nianze na Baba. Yu hai, anakula, na jana aligombana na mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu saa ya ukutani, akishikilia kwamba inachelewa dakika nne. Macho yamekwisha kabisa, ila miaka arobaini ya ufundi saa si mchezo. Tulipolinganisha na saa ya daktari, ikawa kweli imechelewa dakika nne, na mzee akalala akitabasamu. Mguu nitakueleza. Najua ulipigiwa simu ukaambiwa umekatwa chini ya goti, basi, hukuambiwa zaidi.

Unakumbuka alivyoingia. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekuwa vyeusi, na daktari wa upasuaji alisema kazi yenyewe ni ndogo, vitolewe hivyo viwili, mzee arudi nyumbani baada ya wiki. Sharti lilikuwa moja, sukari ishuke chini ya kumi kabla ya kisu. Akapewa kitanda namba sita, karibu na meza ya wauguzi, na siku hiyohiyo nikatangaza kwamba mzee huyu ni wangu. Mgonjwa wa sukari anayekwenda kupasuliwa hataki mzaha. Huwekwa wa kwanza kwenye orodha ili asikae na njaa, huchomwa kidole kila baada ya saa sita, na kisigino cha mguu mzima hukaguliwa kisije kikaota kidonda kingine. Na asiyeona huambiwa kabla hajaguswa, la sivyo anaruka kama aliyemwagiwa maji. Hayo yote niliyafanya kwa mkono wangu. Sindano ya insulini, asubuhi na jioni, sikumwachia mtu nilipokuwa zamu.

Lakini sukari haikushuka. Siku ya kwanza kumi na tisa, siku ya pili ishirini na moja. Siku ya tatu daktari alimfuta Baba kwenye orodha, nami nikaanza kutazama huku na huku. Dawa anapata. Chakula cha hospitali nakisimamia mwenyewe. Basi kuna mkono mwingine unaomlisha, na mkono wenyewe nilikuwa naujua.

Wewe na mimi hatujawahi kufichana kuhusu mke wa Baba. Ni miaka kumi na moja tangu aache meza yake ya chai mbele ya kibanda cha Baba na kuhamia katika nyumba aliyoiacha marehemu mama yetu, na jicho langu halijabanduka kwake hata siku moja. Mtu aliyekula jasho lake kwa kuwatilia watu sukari vikombeni, nilijiambia, mazoea yale atayaacha wapi? Kila saa kumi aliingia na bakuli lenye mfuniko, akaketi upande wa kichwa cha Baba, wakanong'onezana, wakacheka. Mimi nikijifanya napanga mafaili, huku shingo nimeirefusha.

Siku ya nne nililichukua lile bakuli nikasema ni utaratibu wa wodi. Nikaionja supu nyuma ya pazia. Ilikuwa mboga za kuchemsha, haina chumvi, haina chochote, ungeweza kuoshea nayo vyombo. Unadhani nilitulia? Shaka ikapanda zaidi. Anayeleta chakula kisicho na ladha kiasi hiki, nilisema moyoni, lazima ana kingine anachokificha. Alipokwenda kunawa nikapekua mkoba wake, nikakuta kitana, taulo dogo na mafuta ya kumpaka Baba kwenye kisigino. Baba nilimuuliza ana kwa ana. Akanijibu kwamba hajala ila nilichokiona mimi mwenye macho. Nikaona wazi kwamba mzee wetu amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kisha ikaja Jumatano, siku yangu ya mapumziko. Alhamisi asubuhi nikafungua karatasi ya vipimo, nikaona mchana kumi na moja, jioni tisa. Tisa, Kaka! Nikamuuliza mwenzangu aliyekuwa zamu alifanya nini, akasema hakuna cha ajabu, alimchoma sindano kama ilivyoandikwa. Nikateremka mlangoni kwa mlinzi kuuliza kama mke wa Baba alikuja jana. Akasema hakuja, alikwenda kung'olewa jino. Hapo nikatulia kama mtu aliyeokota ufunguo wake. Siku asiyokuja sukari inashuka, na Alhamisi hiyo aliporudi ikapanda hadi kumi na nane, daktari akamfuta Baba mara ya pili. Hata hakimu mwenye huruma kupita wote asingemwachia.

Ndipo nikakutumia ule ujumbe mrefu. Nawe hukuchelewa. Ulimpigia ukamwambia asikanyage wodini, tena aondoke nyumbani hadi mzee atakapotoka na mambo yachunguzwe. Alikwenda kwa dada yake na mkoba mmoja. Mlinzi aliniambia kwamba kila saa kumi alikuwa anafika na bakuli lake, anakaa kwenye benchi la nje hadi muda wa kuona wagonjwa uishe, kisha anaondoka. Mimi nilifurahi, sikufichi. Nilijiona nimemwokoa Baba.

Sasa nisikilize. Siku tatu zilipita bila yeye, na sukari ikawa ishirini, kumi na tisa, ishirini na mbili. Wekundu ukavuka kifundo cha mguu. Daktari akamfuta tena kwenye orodha, mara ya tatu. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi nikatafuta mwizi mwingine. Mfanya usafi nilikuwa nimemwona akiongea na yule mama kwenye benchi, basi nikaanza kufunua ndoo yake kabla hajaingia. Mgonjwa wa kitanda cha tano alikuwa na peremende kwenye kabati, nikazichukua zote, naye hadi leo hanisalimu. Nilipapasa mishono ya mto wa Baba. Alasiri moja, nikidhani amelala, niliinama nikamnusa mdomo. Akanambia, bila kufumbua macho, kwamba nikishamaliza kumnusa nimfunike na shuka, maana kuna baridi.

Jumatatu asubuhi nilimkuta anatetemeka, mwili moto, akiniita kwa jina la marehemu mama. Daktari alifunua bendeji. Alisema hatusubiri tena, sukari iwe yoyote itakayokuwa, na tena si vidole, ni chini ya goti. Mtaalamu wa usingizi akamtundikia dripu ya insulini kutoka akiba ya chumba cha upasuaji, wakaondoka naye. Nilibaki nimeshika viatu vyake viwili, sijui niviweke wapi.

Aliporudishwa mchana nilimchoma kidole. Kumi. Baada ya saa mbili, nane. Nikaanza kwa kukishuku kipimo, kama kawaida yangu. Nikajichoma mwenyewe, kikasema tano na nusu, yaani kipimo kizima kabisa. Mtu ni yuleyule, tena mgonjwa kuliko alivyokuwa jana, ametoka kukatwa mguu, na sukari imeshuka. Nilijaribu kufikiri ni nini kilichobadilika, na hakikuwa mkono wa mtu. Kilichobadilika ni chupa ya dawa.

Kaka, hapa ndipo penyewe. Siku Baba alipolazwa nilikuwa nimesikia kwamba insulini hupotea katika wodi, na mimi, unanijua, niliwashuku wenzangu wote, hata wale ninaokula nao sahani moja. Nikachukua chupa tatu za Baba, nikazitia katika kopo tupu la pamba, nikalisukuma juu kabisa, huko nyuma ndani ya friji ya wodi, likagusa pale panapoota barafu, mbele yake nikapanga maboksi. Sikumwambia mtu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka inabaki kama maji. Mimi ninajua, na nimewafundisha wanafunzi jambo hilo kwa mdomo wangu. Lakini nilikuwa natazama mikono ya watu, chupa sikuitazama. Kila asubuhi niliitoa, nikaisikia baridi sana, nikajisifu kwa kuitunza, nikaitia mfukoni mwa sare wakati wa kupokea ripoti ili isimwume Baba ikimwingia. Ilipofika kitanda namba sita ilikuwa imeshayeyuka. Na ile Jumatano mwenzangu hakujua kuna kopo. Alitoa dawa kwenye boksi la wodi, dawa nzima, ndiyo maana ikawa tisa.

Jumatatu hiyo nililitoa kopo mchana kweupe, likang'ang'ania barafu hadi nikalivuta kwa mikono miwili. Dawa ndani ya chupa ilikuwa imeganda kama mawe. Nilikwenda nazo kwenye sinki, na sitakudanganya, nilifungua bomba. Hakuna aliyejua. Ningeziyeyusha, nikazitupa, na mke wa Baba angebaki na kosa lake hadi kaburini. Nilisimama pale maji yakimwagika bure hadi mfanya usafi akaniuliza kama naumwa. Nikafunga bomba. Nikazipeleka kwa msimamizi wa wodi, nikaandika ripoti kwa mwandiko wangu mwenyewe. Kamati itakaa Alhamisi, na huenda nikamwaga unga.

Baba nilimwambia Jumanne, alipopata fahamu sawasawa. Aliuliza jambo moja tu, kama dawa ingekuwa nzima, vidole viwili vingetosha? Nikasema vingetosha. Akageukia ukutani. Tangu hapo anawatania wauguzi wote, lakini akisikia hatua zangu hunyamaza, na mkono anautoa uchomwe bila kuuliza ni nani.

Nimebakiza jambo moja, na hili kwenye ule ujumbe wangu nililiruka kwa makusudi. Mke wa Baba amemchoma sindano nyumbani kwa miaka tisa. Siku ya pili tu tangu Baba alazwe, aliniona nikiizungusha chupa viganjani, akasogea, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ile wanayotumia nyumbani haiwi na chengachenga namna ile, je, haiwezi kubadilishwa. Chenga hizo nilikuwa nimeziona na mimi. Nikamjibu mbele ya wodi nzima kwamba hakusomea kazi hii, na kama anataka kufundisha akafundishe kuchemsha chai. Watu wakacheka, hata wagonjwa. Yeye akarudi kukaa. Ningemsikiliza dakika ile, Kaka, leo Baba angekuwa anatembea kwa miguu miwili. Nami sikukuandikia hilo kwa sababu nilijua ukilisoma utaniuliza chenga gani.

Jumatano nilikwenda kwa dada yake. Nilimkuta uani, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana sikuona haki ya kuketi. Nilingoja anikumbushe ya chai. Nilimwomba radhi hata kabla hajafungua mdomo, nikalia kama mtoto. Hakunikumbusha. Aliniuliza sukari ya asubuhi ile ilikuwa ngapi. Nikasema nane. Akasema vizuri, akainuka kwenda kuosha bakuli.

Sasa anaingia wodini kama zamani na mimi namwekea kiti. Lakini nyumbani amekataa kurudi. Nimembembeleza mara tatu. Anasema aliyemtoa ni mtoto mkubwa wa nyumba ile, na kwa kauli yangu mimi hatarudi, atarudi kwa kauli yako. Analala chini kwenye godoro, pamoja na watoto wa dada yake. Wewe ulimfukuza kwa maneno niliyokupa mimi, nusu yake uongo. Kunikasirikia unayo haki, na hasira zako nitazipokea zote. Ila yeye asizisubiri.

Nisalimie wenzako wote wa kambini, hasa yule mpishi anayekupikia bila mafuta. Wifi nitampitia Jumamosi, nitawapelekea watoto zile kalamu walizoniomba. Baba hajanituma salamu, lakini najua angekusalimu. Jitunze kifua, na uvae koti asubuhi.

Ni mimi, mdogo wako wa kike,
Muuguzi wa kitanda namba sita, hadi Alhamisi.

Siku utakayoipata barua hii, mpigie kabla ya saa kumi. Saa kumi akiingia wodini huzima simu, asije akawaamsha wagonjwa.