Kapu la Mama Lisilo na Moto

Bwiza, Bujumbura
Jumamosi

Kaka yangu Suud,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Muscat, na wifi yangu Dalia na watoto hawajambo? Joto limewapungukia au bado linawachoma? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillah. Barua anakuletea Ilias anayeondoka kesho, maana safari yake ilikuwepo tu hata bila barua hii, na haya nisingeweza kuyasema kwenye simu.

Unakumbuka ziwa lilivyopanda likaingia nyumba yetu ya Kibenga, mpaka visamaki vikaogelea sebuleni? Watu walilaumu mvua. Mama, na kichwa chake unakijua, alijilaumu mwenyewe. Alisema, "Ni moshi yetu ilipanda juu, sasa inarudi maji." Tulipohamia Bwiza akauza jenereta, akauza na gari, mtaa wa Rohero akawa anakwenda kwa miguu, tena miguu ile ya kuvimba. Jirani yetu Odette, mtu wa Uvira, akamfundisha kapu: unachemsha maharage kidogo, unaviringisha sufuria kwa mablanketi ndani ya kapu, yanamalizika kuiva yenyewe bila makaa. Nilimtania kwamba anaivika sufuria sanda. Alicheka sana. Sasa natamani nisingesema.

Kila siku alipika mabakuli matatu: lake, langu na lako. Nikimkumbusha kwamba uko mbali, alijibu kuwa siku ukiingia ghafla hutakuta sufuria tupu.

Tangu mwezi uliopita sijapika, nakula kwa Odette. Jiko ni baridi, makaa hamna, ufunguo ninao mimi tu. Lakini kila nikirudi kutoka dukani baada ya Alasiri, kapu lina joto. Kwanza nilidhani ni jua la dirishani. Nikalihamishia chumbani, gizani. Kesho yake lilikuwa na joto zaidi. Odette aliligusa, akaondoa mkono haraka, akaniuliza kwa sauti ndogo ni nani anayepika. Hajakanyaga kwetu tena.

Naogopa, kaka. Naogopa na naona haya, kwa sababu nimekudanganya.

Mama hatunaye. Leo ni siku ya thelathini. Alifariki kwenye msala akiswali, moyo ulisimama. Majibu unayoyapata kutoka simu yake nayaandika mimi. Aliniapisha mapema kwamba akifa nisikuite, kwa kuwa moshi wa ndege ya kukuleta ungekula makaa yote aliyoacha kuwasha. Jamaa niliwanyamazisha kwa wasia huo huo. Nilitii, Suud, nikamzika bila wewe. Nisamehe.

Jana nilijipa moyo nikafunua mablanketi. Sufuria ilikuwa na maharage laini, mvuke unatoka. Nikapakua. Fungu langu halikuwemo, lake halikuwemo. Yalijaza bakuli moja tu, lile lako la bluu.

Arobaini ni Jumanne ya juma lijalo, siku kumi kutoka leo. Mimi kiapo nimekishika. Aliyeshindwa ni yeye, amekuita mwenyewe. Panda ndege, kaka, uje ule.

Wabusu watoto, na Dalia umpe mkono wangu wa rambirambi. Bakuli nimelirudisha kapuni, nimelifunika.

Dada yako,
Moza