Ya Moto au ya Baridi

Guangzhou,
Jumapili, 10 Juni 2007

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, miguu imepunguza kukusumbua, na mvua zimewaacha salama hapo Himo. Dada Leokadia na wanawe hawajambo? Na Mzee Medard, bado anaingia saa kumi kamili na redio yake kwapani? Mimi sijambo. Nakula, nalala, na umebaki mtihani mmoja tu niitwe mhandisi. Joto la huku linakutoa jasho ukiwa umekaa kitako, lakini nimeshalizoea.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Nimesoma kwamba umenisikiliza, unafunga grosari yako ya bia, na yule bwana wa Mwika atakuja tarehe thelathini kuchukua friji, mabenchi na makreti. Uliandika, kama ulivyotaka, mwanangu. Sikukujibu. Usidhani ni kazi nyingi, mama. Nilishindwa, na ili uelewe kwa nini, lazima nikueleze kwanza mahali ninapoandikia barua hii.

Niko baa. Usiiweke barua chini, ni saa tisa alasiri na ninakunywa chai.

Baa yenyewe iko kichochoroni, nyuma ya Tianxiu, lile ghorofa wanakonunulia mizigo wafanyabiashara wetu. Haina jina. Ina meza sita za plastiki, feni moja inayogeuza shingo kwa kelele, na choo ambacho sitakueleza. Mwenyewe ni mama wa makamo kutoka mkoa wa Hunan, mgeni hapa mjini kama sisi, na wote tunamwita Laobanniang, yaani mama mwenye duka. Anauza bia, karanga za kuchemsha, na konokono wa kukaanga ambao, Mungu ni shahidi, sijawahi kuwagusa isipokuwa mara mbili.

Niliingia hapa Januari ya mwaka wangu wa kwanza, nikikimbia mvua ya baridi. Nilikuwa na siku nne sijasema neno la Kiswahili. Darasani nilikuwa bubu, bwenini nilikuwa bubu. Laobanniang akanitazama, akaelekeza kidole kwenye friji, halafu kwenye kreti lililokuwa sakafuni, akasubiri. Nilisimama kama mjinga. Kwenye mahoteli makubwa ya barabara ya Huanshi wanakuletea tu ya baridi. Tangu niondoke kwako hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza ya moto au ya baridi. Nikaonyesha kreti. Bia ya moto siipendi, unajua, ila ndiyo anayokunywa Mzee Medard.

Tangu siku hiyo sijahama. Kuna Rotich, Mkenya wa Eldoret anayenunua simu, ndiye aliyemfundisha Laobanniang kumfungulia mteja chupa mbele ya macho yake na kumrudishia kizibo juu ya mdomo wa chupa, kama ufanyavyo wewe. Kuna Abdulrazak wa Mombasa, ambaye hajaonja pombe tangu azaliwe na bado ana kiti chake karibu na mlango. Laobanniang alimnunulia bilauri na birika vyake peke yake, visivyoguswa na bia, wala hakuombwa. Abdulrazak husema kutwa nzima sokoni anaambiwa mei you, hakuna, hakuna, kwa hiyo jioni anataka kukaa mahali ambapo kuna. Na mtu akizidisha, Laobanniang hamletei bia tena. Anamletea bakuli la uji wa mchele na kumsimamia mpaka amalize. Nikimwangalia nakuona wewe na mtori wako wa ndizi, na mkono kiunoni vilevile.

Sasa nikueleze yaliyotokea Jumapili iliyopita. Mvua ilitufungia ndani mchana kutwa, na Rotich akaanzisha ubishi kuhusu baa nzuri kuliko zote ambazo mtu amewahi kukaa. Yeye alizisifu za Eldoret mpaka tukachoka. Ndipo dada mmoja anayeitwa Judica, mfanyabiashara wa mapazia wa Kariakoo, akasema kwamba yeye si mnywaji, lakini baa yake anayo, na iko Himo.

Alisimulia kwamba mwaka tisini na nane alikuwa anarudi Dar kutoka kumzika mume wake Rombo, na gari likawaharibikia hapo njia panda. Akaingia kwenye grosari yenye mabenchi ya bluu. Mwenyewe akamwuliza ya moto au ya baridi. Judica akataka kujibu kwamba hanywi, badala yake akaangua kilio. Yule mama hakumwuliza kitu. Alizima redio, akawaambia wanaume washushe sauti, nao wakashusha. Alimletea mtori, akamlaza kwenye benchi la ndani na kumfunika kanga yake mpaka gari likapona. Judica alisema watu wote msibani walimwambia ajikaze, na ni pale baa tu ndipo alipoachwa alie. Kanga aliondoka nayo bila kujua. Akaitoa kwenye mkoba wake ili tuione. Mama, ina alama ya pasi pembeni. Ile niliyoiunguza mimi nikiwa darasa la sita, ambayo ulituambia imepotea sokoni.

Rotich akanigeukia, akaniuliza kama namjua mama huyo, maana mimi ni mtu wa Himo. Wote wakanitazama. Nikasema simjui.

Nikarudia, simjui, Himo kuna grosari nyingi.

Huo ndio ukweli wa mwanao, na haukuanza siku hiyo. Mwezi wa tatu nilikuandikia ufunge kwa sababu ya miguu, kwamba rafiki yangu daktari ameshauri. Hakuna daktari, mama. Dainess ninayetaka kumwoa ni binti wa mchungaji, na tangu siku ya kwanza nilimwambia wewe ni mwalimu mstaafu. Agosti nitamleta kwako, na nilitaka asikute hata kizibo uani. Grosari iliyonilipia ada, nikaona itanitia aibu. Nimeona haya, mama. Nisamehe.

Alhamisi nilirudi hapa nikawaambia wote. Judica alinipiga bega kwa nguvu, kisha akalia. Rotich alimweleza Laobanniang kwa Kichina chake cha kuungaunga. Basi yule mama akaniletea bakuli la uji, mimi ambaye sikuwa nimenywa hata tone, na akanisimamia mpaka nikamaliza.

Ijumaa nilimwambia Dainess. Kumbe alishakununulia kalamu nzuri ya wino, zawadi ya mwalimu. Alisema baba yake atasema atakalosema, lakini kilichomwuma yeye ni kwamba kwa miaka miwili amekuwa akimsalimu mtu ambaye hayupo. Kalamu ameituma hivyohivyo, inakuja na barua hii. Anakuomba umwandikie mwenyewe, kwa sababu habari zako hataki tena kuzipata kwangu. Ana haki.

Kwa hiyo naomba, kama bado unaitaka kazi yako, usiuze. Mwambie bwana wa Mwika kwamba mwanao alikuwa mpumbavu na sasa amepona. Kama kweli umechoka, funga, lakini ufunge kwa kuchoka kwako, si kwa aibu yangu. Haya nisingeweza kuyasema kwa simu, na posta ingechelewa, ndiyo maana nimepata wa kuileta barua hii kwa mkono kabla ya tarehe thelathini.

Nisalimie Dada Leokadia na watoto, na Mzee Medard umwambie bia yake ya moto inanywewa mpaka Uchina. Abdulrazak na Rotich wanakuamkia. Laobanniang naye, baada ya kuelezwa wewe ni nani, amesema nikufikishie salamu za mtu wa kazi moja.

Aliyekukabidhi barua hii anaondoka uwanja wa ndege wa Baiyun Jumanne, na ameniahidi kwamba akishuka Dar atapanda basi moja kwa moja mpaka Himo. Kanga amesema harudishi. Nadhani amesimama hapo mbele yako sasa hivi, anakungoja umalize kusoma. Mkaribishe kwenye benchi, mama, na umwulize.

Ni mimi mwanao,
Wilbard