Huyu wa Burma

Mpendwa Baba Mkumbo,

Tangu tukuzike nimekaa na neno rohoni, na leo nalitoa, hata kama huko uliko umeshalijua.

Unakumbuka siku uliyorudi Kiomboi kutoka vita vya Mwingereza? Nilikusongea ugali wa uwele na mlenda. Ukawa unamsimulia kaka yako kwa kile Kiswahili chenu cha jeshini, kinachosema "huyu" kwa mtu na kwa mti.

"Huyu alinilisha siku chakula ilikwisha. Baridi ikija, yeye ndiyo naota moto. Bila yeye mimi nakufa."

Nilitua kata ya maji chini. Nikakuuliza, "Ana watoto?"

Ulicheka. "Wengi sana! Wanaanguka kutoka juu, na wote wana miiba."

Hapo ndipo nikajua kwamba mke mwenzangu ni mti wa msituni Burma.

Nilidhani nitapoa. Wapi! Ukatoa mfukoni mbegu zake tatu za kahawia. Ukasema zikichomwa ni tamu, mbao zake watu wa kule hujengea nyumba, gome lake hutia rangi nyavu. Mninga wetu ukawa si kitu, mkwaju si kitu. Miaka yote niliyolima mtama peke yangu, Mkumbo mgongoni, Huyu alikuwa anakulisha wewe! Angekuwa mwanamke wa hapa ningemvizia kisimani tukashikana nywele. Mti utaufanya nini?

Ukazipanda nyuma ya nyumba. Kiangazi kile, maji niliyoyatwika kichwani ulimmwagia yeye kabla hujanawa uso. Niliona wivu, Baba Mkumbo.

Hazikuota. Ukaanza kuilaumu ardhi. "Nchi yetu hii imekufa, Mama Mkumbo. Haizai kitu." Mwaka uliofuata jembe ulilishika kwa shingo upande, na mwingine hukulishika kabisa. Umekufa ukiamini hivyo, nami nilikaa kimya.

Ardhi haikuwa na kosa. Siku ile kabla hujazipanda, ulipokwenda kuwaamkia wazee, nilizichemsha. Nikazianika juani, nikazirudisha mfukoni mwa koti lako.

Naiomba radhi ardhi ya baba zako. Nawe nakuomba radhi, kwa kukuacha uidharau. Huyu wako wa Burma simwombi radhi. Wakimleta mwingine hata leo, chungu ninacho na kuni ninazo.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo, wa pekee,
Mama Mkumbo