Fulana Sita za Rangi ya Chungwa

Dada Marlys,

Sisi hapa Ohio hatujambo. Kesho tunakwenda Cincinnati, kwenye mkutano wa wazazi wanaosomesha watoto nyumbani. Nimenunua fulana sita za rangi ya chungwa, maana mwaka jana Silas wetu mdogo alipotea kwenye meza za vitabu, tukamkuta anakula sandwichi za familia ya watu.

Wendell analalamika. "Masanduku manne matupu ya nini, mke wangu?"

"Ya vitabu. Wewe endesha gari tu."

Barua yako nimeisoma. Unasema wewe ni mwalimu wa miaka ishirini, kwamba Adele ana miaka tisa na hajui kusoma wala kuandika, na kwamba ukaidi wangu ndio unaomharibu. Shuleni walimwita mzito wa akili mbele ya wenzake mpaka akasusa kula. Hilo hukuliandika. Simrudishi, liwalo na liwe.

Jana aliniuliza, "Mama, anwani ya mama mkubwa nani ataandika?"

"Wewe."

Nilimtajia tu, akaandika. Hebu igeuze bahasha uitazame. Kama imekufikia, basi watu wa posta wameisoma.

Mdogo wako, mkaidi vilevile,
Corinne