Mkono Juu ya Tumbo

Jumatatu, 3 Juni

Tumempoteza mama wa kitanda cha nne. Mtoto mzima, analia vizuri. Damu ikaanza kumtoka mama. Nikamsugua tumbo mpaka mfuko wa uzazi ukakaza, nikasema alhamdulillah. Mara kitanda cha pili wakaita — kichwa cha mtoto kinatoka! Niko peke yangu zamu nzima. Nikatoa mkono. Dakika nne, labda tano. Kurudi, shuka lote jekundu.

Mumewe alikuwa nje na chupa ya chai. Mimi ndiye niliyemwambia.

Jumanne, 4 Juni

Kikao. Damu iliombwa saa ngapi, nani alisaini. Daktari kasema si kosa la mtu, wakunga walitakiwa wawili. Haya. Hakuna aliyeniuliza kama nimelala.

Nimefua sare mara tatu. Ilitakata tangu ya kwanza.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwomba Matroni anihamishie kitengo cha chanjo. Kacheka, ati huko nani atauvumilia mdomo wangu. Kisha akafunga mlango. Akaniambia na yeye ana kina mama wake waliomfia — saba, anawakumbuka mpaka rangi ya kucha. Kumbe! Miaka yote nilidhani yule mama ni jiwe. Nitahama Jumatatu.

Ijumaa, 7 Juni

Mzazi wa leo kalalamika: nesi, basi, unaniumiza. Kweli. Nusu saa nzima nimemkandamiza tumbo, na damu ilishakata zamani.

Mdogo wangu kapiga simu, siku zake za kujifungua zimefika. Kama si mimi, hazai! Nikamwambia uchungu haungoji mtu. Kasema basi atabana. Mjinga huyu. Nimecheka, halafu nikaenda kulia chooni. Naogopa. Nimwambie vipi kwamba naogopa?

Jumapili, 9 Juni

Sikumwambia. Kajifungua saa nne asubuhi. Msichana, kelele za mama yake tupu! Damu kidogo, tumbo gumu kama linavyotakiwa. Mwenzangu kaja kunipokea zamu, kasema kila kitu sawa, nenda nyumbani.

Sasa ni saa nane mchana. Mwandiko mbovu, natumia mkono wa kushoto; wa kulia uko tumboni kwake. Daftari nimeliweka kwenye godoro.

Mdogo wangu kauliza kama tumbo lake limegeuka meza. Anataka kulala ubavu. Nimemwambia dakika moja. Hii ni mara ya tatu.

Matroni kaingia — Jumapili, na nguo za nyumbani! Nani kamwita? Kautazama mkono wangu, hakunigombeza. Kavuta kiti, kakunja mikono ya blauzi. Kasema lete, nikupokee.

Kanyoosha mkono wake kando ya wangu, anangoja.