Magari ya Siku za Likizo

8 Desemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila mdogo wangu Kitinda anakohoa. Nimepata kibarua! Wanaotaka kujenga maghorofa mtaani kwetu wanatakiwa kuonyesha kwamba barabara itabeba magari ya wapangaji. Nakaa njia panda, kila gari likipita naweka alama. Hakuna kuongea na mtu, kazi yangu haswa. Mama anasema ukipata kazi ya uashi kwenye maghorofa hayo na kurudi nyumbani, usianze kwa kukosoa kuta alizojenga ukiwa huko.

Mwanao

20 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha umri. Kuta za mama yako zimepinda, mwambie. Msimamizi wa maghorofa amenihakikishia: nitakuwa fundi mkuu. Huku nimeshaaga kazini, na chumba nimerudisha. Miaka yote nimewajengea watu pa kulala. Sasa nitalala kwangu. Weka alama zako vizuri. Uzi wa timazi hauna shemeji; ukuta ukipinda, unasema umepinda.

Baba yako

30 Januari

Baba,

Shikamoo. Kikohozi cha Kitinda kimeisha. Samahani kwa kukaa kimya. Magari tuliyahesabu wakati wa likizo. Shule zilipofunguliwa, foleni ilifika mlangoni kwetu, na Kitinda huvuka katikati ya malori. Kwenye mkutano wa mtaa, afisa wa mipango alituuliza sisi wahesabuji, "Zile zilikuwa siku za kawaida?" Wenzangu wakaangalia viatu vyao. Nami nikaangalia vyangu. Kisha nikasikia sauti yangu: "Hapana. Shule zilikuwa zimefungwa."

Watu wakanipigia makofi. Ujenzi umezuiwa mpaka barabara ipanuliwe, na lini, hakuna ajuaye. Mama hasemi nami. Baba, wewe ndiye uliyesema timazi haina shemeji. Utarudi tu, sivyo?

Mwanao

4 Aprili

Binti,

Salamu nimezipata. Kazi yangu ya zamani ina mtu. Nimepata nyingine, mbali zaidi. Nalala stoo, juu ya mifuko ya saruji. Hao waliokupigia makofi, wamemletea mama yako hata kibaba cha unga? Wewe uliyekuwa ukijificha mgeni akibisha hodi, siku hiyo ndiyo ukapata mdomo. Timazi ni ya kupimia ukuta. Sikukupa unipimie mimi.

Mwambie Kitinda avuke kwa uangalifu.

Baba yake